Babu na Bibi Wako Kazini Krismasi Hii

Saa kumi na moja jioni ya tarehe 25 Desemba, Dar es Salaam inakuwa imekwisha kula. Sufuria za pilau zimebaki na ukoko, nguo mpya za watoto zimeshaingia vumbi na madoa ya soda, na walioshinda Coco Beach wanaanza kugombania usafiri wa kurudi nyumbani. Saa hiyohiyo mjini Salt Lake City, jimbo la Utah nchini Marekani, ni saa moja asubuhi. Kule ndiyo kwanza kunakucha. Wajukuu wanaamka, wanakimbilia sebuleni kuona kilichowekwa chini ya mti, na mmoja wa wakubwa anakumbuka kuwapigia babu na bibi simu ya video.

Babu na bibi wako Upanga, au Kileleshwa jijini Nairobi, au kwenye nyumba ya kupanga huko Kampala. Tofauti ya saa kumi ndiyo inayowapangia sikukuu. Siku nzima wameimaliza bila familia, na familia inapoamka wao wanapiga miayo.

Hawa si watalii waliokosa ndege, wala si watu wa ubalozi. Ni wamisionari waandamizi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo mitaani wengi bado wanaliita kanisa la Wamormoni. Vijana wao ndio wanaojulikana: wawili wawili, shati jeupe na tai, kibao cheusi chenye jina kifuani, wanakata mitaa kwa miguu jua la saa sita. Wazee hawaonekani sana. Utawakuta kwenye ofisi ya misheni wakihangaikia vibali vya ukaazi na mikataba ya nyumba za vijana, au wakifuatilia mradi wa maji, au wakifundisha madarasa ya kujitegemea, au wakihudumu hekaluni, jengo la ibada zisizofanyika katika kanisa la kila Jumapili.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Wawe mume na mke wasiobakiwa na watoto wa kulea nyumbani, wawe na afya ya kutosha, na wakubali kwenda kwa miezi 6, 12, 18 au 23. Wanaweza kusema wangependa kazi gani na wapi, lakini barua ya wito hutoka kwa rais wa kanisa, naye anaweza kuwapeleka kwingine kabisa. Mshahara hakuna. Nauli, chakula na kodi ya nyumba ni mfukoni mwao, kutoka kwenye akiba na pensheni. Mwaka 2011 uongozi uliweka ukomo wa kile ambacho wanandoa hao wangelipia makazi, dola 1,400 za Marekani kwa mwezi, ili aliyepangiwa mji wenye nyumba ghali asiumie kuliko mwenzake aliyepangiwa penye unafuu.

Kwa msomaji wa huku swali linakuja lenyewe. Mtu amefanya kazi miaka arobaini, amesomesha, ameozesha, sasa ndiyo umri wa kukaa barazani na kufuatwa na wajukuu. Anakwenda kutafuta nini Mbezi au Kisumu, tena Desemba?

Wakuu wa kanisa hilo wanalijua swali hilo vizuri. Katika mkutano mkuu wa Aprili 2001, Robert D. Hales, aliyekuwa mmoja wa mitume wao kumi na wawili, alitaja mambo manne yanayowazuia wanandoa wazee kwenda misheni: hofu, familia, kutojua kazi gani itawafaa, na fedha. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, Oktoba 2023, mtume mwenzake Ronald A. Rasband alisimama kwenye mkutano kama huo kuwaomba wazee wajitokeze kwa wingi zaidi. Hofu huisha mtu akishazoea daladala. Kazi hupatikana. Fedha huhesabika. Familia ndiyo inayobaki kooni, na hakuna mwezi unaoikumbusha kama Desemba.

Pwani yetu inazijua habari za wamisionari mume na mke tangu zamani, na za mwanzo kabisa zinasikitisha. Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine walifika Mombasa Mei 1844. Julai Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Hawakuila hata Krismasi moja pamoja katika mji ule. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani kama Krapf, nao wawili wakaweka kituo Rabai, karibu na Mombasa. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wa London wakamcheka. Mwaka 1851 alimwoa Emma huko Misri, wakarudi Rabai na kuishi pamoja mpaka mke alipofariki mwaka 1866. Rebmann aliendelea peke yake hadi 1875, aliporudi Ulaya macho yakiwa yameharibika, akafa mwaka uliofuata. Hizo ni Krismasi karibu thelathini bila kukanyaga kwao. Theluji aliyoizoea Ulaya aliiona kwa mbali tu, juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Barua zilikwenda kwa meli, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake Rabai mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa, kwa hiyo salamu za Krismasi zingeweza kumfikia wakati watu wanalima mashamba ya masika.

Kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, habari ya Afrika ilichelewa sana, na sababu haipendezi. Mpaka Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani wake, na bila ukuhani hakuna kanisa la kujengwa. Zuio lilipoondolewa mwaka huo, waliotumwa kufungua kazi Nigeria na Ghana mwezi Novemba walikuwa wanandoa wawili wenye umri mkubwa: Rendell na Rachel Mabey, pamoja na Edwin na Janath Cannon. Tarehe 21 Novemba walibatiza watu 19 nchini Nigeria, wa kwanza akiwa Anthony Obinna, mwalimu aliyekuwa ameandika barua Salt Lake City miaka kadhaa akiomba watu waje. Desemba wakavuka kwenda Ghana. Kule Cape Coast walimkuta Joseph William Billy Johnson, ambaye alikuwa akihubiri mafundisho ya kanisa hilo tangu miaka ya 1960 bila yeye mwenyewe kubatizwa.

Fikiria Krismasi ya mwaka ule. Wazee wanne wa Kimarekani, nyuma yao familia zilizozoea baridi na theluji, mbele yao waumini ambao wengine walikuwa na wiki chache tu tangu watoke majini na wengine walikuwa wamengoja zaidi ya miaka kumi. Nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji wa imani hiyo ni jambo la kujadiliwa. Baada ya mwaka mmoja waumini wa Afrika Magharibi walikuwa wamepita 1,700.

Huku Afrika Mashariki mambo yalikwenda polepole. Kenya ililisajili kanisa hilo mwaka 1991, na misheni ya Nairobi ikaanzishwa mwaka huohuo. Kitabu cha Mormoni kizima kikatoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Kwa miaka mingi muumini wa Kenya aliyetaka kuingia hekaluni alipaswa kusafiri hadi Johannesburg, mpaka Mei 18, 2025, hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu katika mtaa wa Mountain View, kando ya barabara ya Waiyaki. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa na wazee wa namna hii, wakipanga mafaili, wakifundisha wahasibu wa matawi, wakibeba dawa za malaria kwenye mkoba pamoja na picha za wajukuu.

Sasa Desemba yenyewe inakuwaje?

Jambo la kwanza linalowashangaza majirani ni kwamba tarehe 25 wazee hawa hawaendi kanisani. Kwa Mlutheri wa Marangu au Mkatoliki wa Kisii hilo ni kama kioja: Krismasi bila mkesha, bila ibada ya asubuhi, bila kwaya kushona sare mpya? Lakini Watakatifu wa Siku za Mwisho hawana ibada maalumu ya siku hiyo isipokuwa iangukie Jumapili, kama ilivyotokea mwaka 2022. Hata mahekalu yao hufungwa. Kwao Krismasi ni ya Jumapili iliyo karibu nayo, na baada ya hapo ni ya nyumbani. Tarehe 23 Desemba nayo ni kumbukumbu ya kuzaliwa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, aliyezaliwa mwaka 1805, ingawa hakuna anayechinja mbuzi kwa ajili hiyo.

Tatizo liko hapo kwenye neno la nyumbani. Ukiwa Utah, mambo mengi huijaza siku hata bila ibada: taa zinazowashwa kila mwaka kuzunguka hekalu la Salt Lake tangu 1965, tamasha la kwaya ya Tabernacle katika ukumbi wa watu 21,000, kisha meza ya ukoo. Ukiwa Upanga, vyote hivyo viko kwenye simu, na bando linakwisha.

Jambo la pili ni Jumapili yenyewe. Mmarekani amezoea makanisa kujaa wiki ya Krismasi, hata na wale wanaoonekana mara moja kwa mwaka. Huku mijini ni kinyume. Kuanzia tarehe 20 stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis haipitiki, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaonya wanaopandisha nauli, Wachaga wanaondoka kwenda Moshi na Rombo, na jijini Nairobi watu wanajazana Machakos Country Bus kwenda ushago. Wamisionari wazee wamekaa wiki nzima wakiandaa programu ya nyimbo na igizo la watoto. Jumapili inafika, nusu ya waigizaji wako kwa bibi zao. Mamajusi wanabaki wawili na Yusufu hayupo. Anayeijua miji yetu hashangai. Anayetoka Provo, Utah, anadhani amewaudhi watu.

Jikoni ndiko ugeni unakoonekana kwa karibu zaidi. Mama ametoka kwao na karatasi ya mapishi iliyochakaa, ya mikate ya mdalasini ambayo mama yake alioka kila mkesha wa Krismasi. Karatasi inasema joto liwe 350. Anaangalia kitasa cha oveni ya Dar es Salaam, kinaishia 250. Karatasi inahesabu kwa Fahrenheit, oveni inahesabu kwa Selsiasi. Anachotakiwa ni kama 177, na namba hiyo kwenye kitasa haipo, kwa hiyo anakisia. Unga wa ngano wa huku unanyonya maji kwa kiasi tofauti na aliouzoea. Boga la kopo halipo dukani, ila sokoni Kisutu kuna maboga mazima ya kumenya, kuchemsha na kuponda, na muuzaji anataka kujua kwanza litapikwa nini. Keki ya boga yenye sukari humchekesha kidogo muuza maboga, ambaye yeye boga analijua na chumvi au nazi. Katikati ya yote hayo gesi inakata, na mtungi wa akiba hauna kitu.

Kuna chakula kingine cha Utah ambacho hakikosi kwenye meza za sikukuu: viazi vilivyochanganywa na jibini na malai, vikamwagiwa chengachenga za nafaka juu na kuokwa. Huko kwao huitwa viazi vya msibani, maana ndivyo kina mama wa kanisa wanavyowapelekea wafiwa. Hakuna anayeona ajabu kuvila Krismasi. Na kwetu pilau ya harusi na pilau ya arobaini si inatoka sufuria moja?

Baba naye ana kesi yake na umeme. Taa za mti wa Krismasi alizozikunja kwa uangalifu kwenye sanduku la kilo 23 zimetengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Soketi ya ukutani Dar es Salaam ina volti 230, tena ya matundu matatu. Akipata adapta ya matundu bila kupunguza volti, taa huwaka mara moja, kwa mwanga mkali kuliko zilivyowahi kuwaka Utah, kisha basi. Mti wenyewe huwa tawi la mvinje au la msaiprasi lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Wenye macho hutambua kwamba mji tayari una mti wake: mkrismasi, ambao Desemba huwa umewaka maua mekundu barabarani bila kuchomekwa popote.

Hayo yote ni mambo madogo, na wenyewe huyacheka wakiyasimulia. Uzito wa Krismasi yao uko kwingine, kwa vijana.

Kijana wa kiume wa kanisa hilo hutumikia misheni miaka miwili, msichana miezi kumi na minane. Wengi wamemaliza shule juzi. Wapo wanaotoka Utah na Idaho, lakini ukikutana nao Mwanza au Mombasa utakuta wakiwamo Waafrika wengi, wa Zimbabwe, Uganda, Kongo, Afrika Kusini. Kwa wengi ni Krismasi ya kwanza maishani bila mama. Na hadi Februari 2019 sheria ilikuwa kali: mmisionari kijana aliruhusiwa kuwasiliana na nyumbani kwa barua pepe kila wiki, lakini kuongea kwa sauti ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka, Siku ya Mama na Krismasi. Ikafunguliwa mwaka huo. Sasa wanaweza kupiga kila wiki siku yao ya maandalizi.

Wazee waliotumikia kabla ya hapo walikuwa na kazi ya pekee sana tarehe 25. Mara nyingi nyumba yao ndiyo iliyokuwa na intaneti ya uhakika na kompyuta. Foleni ya vijana ikapangwa sebuleni kwa saa za kila nchi: wa Harare mapema, wa Ulaya baadaye, wa Marekani magharibi jua likizama, na wa Hawaii usiku. Kijana anaingia chumbani akitania, anatoka macho mekundu, anaelekea jikoni kujifanya anatafuta maji. Pale jikoni ndipo alipo bibi. Hakuna mwongozo wa misheni unaoeleza la kufanya hapo, na mtu aliyelea watoto sita hauhitaji.

Sheria imelegea, kazi imebaki. Wiki ya Krismasi vijana hukusanywa, hula pamoja, huimba, hucheza michezo ya zawadi, na mara nyingine hupata ruhusa ya nadra ya kutazama filamu. Mpishi mkuu ni mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye mwaka jana alipikia wajukuu kumi na leo anapikia vijana thelathini, mumewe akikata nyanya za kachumbari kwa mwendo wa kobe. Wa Kongo anaulizia pondu. Wa Uganda anataka matoke. Msichana wa Arusha ameshachukua unga na kuanza kusukuma chapati, na katika saa moja ameshaiteka meko. Sikukuu ya Utah iliyopangwa wiki mbili hubadilika pale pale, na hakuna anayelalamika.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo jibu la lile swali la barazani linapopatikana. Wazee hawa hawakuja kutafuta Krismasi nyingine. Wamekuja kuwa nyumba ya wengine siku ambayo wao wenyewe hawana nyumba, na kazi hiyo hawezi kuifanya kijana wa miaka ishirini, hata awe na bidii namna gani. Inataka mtu aliyekwishazika wazazi, aliyeuguza mtoto usiku, na ambaye haogopi kukaa kimya na mtu anayelia.

Mialiko nayo ipo, tena mingi, maana nchi hizi hazimwachi mzee ale peke yake. Hapa hutokea mtihani wa chai. Kwa fundisho wanaloliita Neno la Hekima, lililotolewa mwaka 1833, waumini wa kanisa hili hawanywi pombe, hawavuti sigara, na hawagusi kahawa wala chai ya majani. Pombe na sigara jirani ataelewa. Wapo Waislamu na Wasabato wa mtaani wanaoishi hivyohivyo. Lakini chai? Mwenyeji ameinjika sufuria tangu alfajiri, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, tangawizi, iliki, sukari ya kutosha. Chupa inaletwa mezani pamoja na maandazi, na mgeni mwenye mvi anasema hanywi. Ukimya unaofuata unapimwa kwa kilo. Wanandoa wenye akili hujifunza mapema kuomba maziwa ya moto kabla chai haijachemka, au kusifia uji wa ulezi kiasi kwamba mwakani utaandaliwa huo.

Jambo lingine wanalojifunza ni kwamba huku sikukuu huombwa. Mlinzi wa geti, mzoa taka, dereva wa bajaji anayewapeleka sokoni, kijana wa kuosha gari, kila mmoja kwa tabasamu: "Mzee, sikukuu yangu?" Wiki ya kwanza Mmarekani hudhani anadaiwa. Baadaye anaelewa kwamba ni kama mkono wa Idi, kwamba kiasi si hoja, na kwamba anayeombwa ni mtu anayehesabiwa kuwa wa pale. Kwao mvi hazikumletea chochote zaidi ya punguzo la bei dukani. Huku watoto wa uwanja mzima wanampigia shikamoo kutwa mara nne, na ikifika Desemba wameshamwita babu bila kumwomba ruhusa.

Si wazee wa ngazi ya chini tu wanaopitia haya. Agosti 2002 kanisa liliwatuma mitume wawili kuishi ng'ambo badala ya kuongoza wakiwa Salt Lake City: Dallin H. Oaks, aliyekuwa ametimiza miaka 70, alihamia Manila, Ufilipino, na mkewe Kristen, na Jeffrey R. Holland akahamia Santiago, Chile, na mkewe Patricia. Walikaa hadi 2004, Krismasi mbili. Oaks alipelekwa nchi ambayo redio zake huanza kupiga nyimbo za Krismasi mwezi Septemba, Holland nchi ambayo Krismasi huja katikati ya kiangazi. Ujumbe kwa wazee wengine ulieleweka.

Pamoja na hayo, si busara kupamba kila kitu. Mwezi wa kumi na tano wa misheni mjukuu huzaliwa na bibi anamwona kwenye kioo cha simu. Wengi wa wanandoa hawa wenyewe bado wana wazazi wenye miaka tisini, na Desemba ni mmoja wa miezi ya baridi ambayo wazee wa kaskazini huugua. Mume na mke waliokuwa wakionana asubuhi na jioni kwa miaka arobaini sasa wako pamoja saa ishirini na nne, ofisi moja, gari moja, feni moja. Ndoa nyingine huchanua, nyingine hukumbushwa mambo iliyokuwa imeyasahau kwa hiari.

Halafu kuna suala la nani anaweza. Utaratibu wa kujilipia umewafaa watu wenye pensheni ya Marekani. Mwalimu mstaafu wa Dodoma, aliyegawanya kiinua mgongo kati ya kumalizia nyumba na ada za wajukuu, hawezi kulipa kodi ya Accra kwa miezi kumi na minane. Wapo waumini wa huku wanaotumikia kwa njia nyingine, ndani ya miji yao na katika hekalu jipya la Nairobi, wakirudi kulala kwao jioni. Mjini Salt Lake City kwenyewe kuna tawi linaloabudu kwa Kiswahili, wengi wa waumini wake wakiwa wakimbizi wa Kongo. Kwao hakuna haja ya kumtuma mmisionari ng'ambo. Ng'ambo imekuja, na Krismasi ya kwanza ya theluji inawangoja wao.

Makanisa mengine ya Afrika Mashariki hayana sababu ya kupenda mafundisho ya Wamormoni ili yauchukue mpango huu. Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Wauguzi, wahasibu, mafundi na walimu wanatoka kazini wakiwa na nguvu, wanakaa mabenchi ya mbele kanisani, na kazi wanayopewa ni kutoa neno la shukrani kwenye harusi. Dayosisi inayolalamika kwamba zahanati yake ya pembezoni haina mtu wa kusimamia stoo inaweza kuwaomba mume na mke wa namna hiyo miezi sita, ikawatafutia nyumba na chakula, na ikawa imepata zaidi ya msimamizi wa stoo.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na huna safari ya kijijini mwaka huu: kama mtaani kwako wapo wazee wa aina hiyo, wapelekee sahani au waite nyumbani tarehe 25. Waite mchana, maana saa kumi na moja jioni wana simu ya wajukuu. Pilau wanakula, kuku wanakula, chapati wataomba ya pili. Chai usiwawekee, chemsha maziwa.